Sauti Kando ya Pazia: Wahakiki, Watazamaji na Wasimulizi wa Sinema

Makala haya yanahusu hitilafu ya muda mrefu baina ya watu wanaoandika juu ya sinema na watu wanaoitazama. Hitilafu hiyo ipo katika kila nchi. Picha inayosifiwa magazetini huonyeshwa ukumbini penye viti vitupu, na ile iliyotukanwa hujaza watu hadi mlangoni. Lakini katika Afrika ya Mashariki hitilafu hii ilipata sura ya pekee, kwa kuwa wahakiki hawakubishana juu ya filamu tu. Walibishana juu ya mtazamaji mwenyewe: anaona nini, anaelewa nini, na je, aachwe aone? Tunadhani kwamba katika ubishi huo pande zote zilisahau jambo moja lililo karibu sana na kazi ya idara ya lugha. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, mtazamaji wetu hakuitazama sinema peke yake. Kando ya pazia alisimama mtu aliyeizungumza.

Tuanzie Makongeni. Huu ni mtaa mkubwa wa mji wa Thika, upande wa barabara iendayo Garissa, nao unakaliwa kwa wingi na wafanyakazi wa viwandani, wachuuzi na jamaa zao. Jina lake ni la Kiswahili, na kwa umbo lake lamaanisha mahali pa makonge. Mwenye kujua historia ya uchumi wa Thika na Ruiru, iliyokuwa nchi ya mashamba ya mkonge na kahawa ya walowezi, hatalistaajabia. Katika miaka ya 1990 na ile ya mwanzo ya 2000, mitaa ya aina hii ilikuwa na mabanda ya vidio: chumba cha mabati au mbao, mabenchi, televisheni moja iliyoinuliwa juu ili wa nyuma nao waone, madirisha yaliyozibwa ili giza lipatikane mchana, na ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki majina ya picha za siku hiyo. Picha zilizopendwa humo ndizo zilezile ambazo wahakiki wengi wa London na New York walizipuuza. Ni za aina ya *Commando* na *Rambo*, zilizotoka mwaka 1985, pamoja na za ngumi kutoka Hong Kong na za Kihindi zisizokwisha upesi. Walimu na wazazi waliyalaumu mabanda hayo kwa kuwatorosha watoto shuleni, na hatuwezi kusema kuwa walilaumu bure. Wasomi kwa jumla walipita upande wa pili wa barabara.

Jambo la kuchunguzwa ni lugha iliyosikika humo ndani. Picha ilikuwa ya Kiingereza, Kikantoni au Kihindi, lakini sauti iliyoshika banda ilikuwa ya Kiswahili cha mtaani. Ni sauti ya msimulizi aliyejirekodi juu ya filamu, akieleza, akifasiri, akicheka na kuonya. Anayejulikana zaidi nchini Kenya katika kazi hii ni DJ Afro. Kwa watazamaji wengi, picha aliyoisimulia yeye na picha ileile isiyo na sauti yake zilikuwa picha mbili mbalimbali.

Watu huidhania desturi hii kuwa ni zao la kanda za vidio. Kwa maoni yetu ni ya zamani zaidi, na mwanzo wake, kwa sadfa ya kupendeza, umo mashambani mwa mkonge.

Mwaka 1926 Mwingereza mmoja, L. A. Notcutt, alikuwa akisimamia kundi la mashamba ya mkonge katika Afrika ya Mashariki. Alifikiri kwamba sinema ya shambani ingesaidia kuwatuliza vibarua ili waridhike na kazi yao. Wazo hilo halikufichwa, kwani limetajwa katika kitabu alichokiandika pamoja na G. C. Latham na kuchapishwa mwaka 1937. Mtu aliyekuja kuitwa mwanzilishi wa sinema ya elimu kwa Waafrika aliiona kwanza sinema kama dawa ya utulivu wa manamba. Baina ya miaka 1935 na 1937 wawili hao waliongoza mradi ulioitwa *Bantu Educational Kinema Experiment*, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika. Fedha nyingi zilitoka kwa Carnegie Corporation ya New York, na mlezi wa mradi alikuwa Baraza la Kimataifa la Misioni. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35 juu ya kodi, safura, malaria ya watoto wachanga, mmomonyoko wa udongo na mengineyo, zikazungushwa kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Mojawapo ya filamu za mwanzo ilihusu benki ya akiba ya posta. Vibarua wawili wanapata mshahara. Mmoja anauficha ardhini na mwizi anauiba, mwenziwe anauweka posta na unasalimika. Kwa mwanafasihi hii ni ngano ya mjinga na mwerevu, yenye muundo ambao bibi yeyote angeutambua. Lakini linalotuhusu zaidi ni sauti yake. Maneno hayakuwa ndani ya filamu yenyewe, bali yalirekodiwa katika sahani za santuri zilizochezwa wakati picha ikipita. Sahani hizo zilitengenezwa kwa lugha mbalimbali, zikiwamo Kiswahili, Kikuyu na Kiganda. Hivyo picha moja ilikuwa na matini nyingi. Mwenye kuuliza watazamaji waliipokeaje filamu fulani ilimpasa aulize kwanza waliisikia kwa lugha gani, nayo ilisemwa na nani, kwa ufasaha gani. Wakuu wa mradi waliliona hili kama shida ya mitambo: sahani hukwaruzika, sauti hutangulia picha au huchelewa. Mwaka 1937 serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikataa kuugharimia mradi, ukafungwa.

Hata hivyo si kila mtaalamu wa zama hizo alikuwa na shaka juu ya mtazamaji. Mwaka 1929 mwanabiolojia Julian Huxley alizunguka Afrika ya Mashariki akiwaonyesha wanafunzi filamu za mafundisho, kisha akawaagiza waandike insha juu ya yale waliyoyaona. Aliridhika kwamba waliyaelewa vema. Angalia mbinu yake: aliwaachia watazamaji waandike wenyewe. Baada yake mbinu hiyo rahisi haikufuatwa mara nyingi.

Sauti iliyotamalaki baadaye ilikuwa ya William Sellers, aliyeanza kwa kutengeneza filamu za afya Nigeria, kisha akaongoza Colonial Film Unit iliyoundwa mwaka 1939 na kuvunjwa mwaka 1955. Sellers alifundisha kwamba Mwafrika wa kijijini atengenezewe filamu ya namna yake: picha ndefu zisizokatwakatwa, mwendo wa taratibu, pasiwe na hila za kamera. Katika utetezi wa mafundisho haya vilitumiwa visa vya kuchekesha. Kilichovuma kuliko vyote kilihusu mbu aliyekuzwa pazia zima: watazamaji wakasema kwao hakuna hatari, kwani mbu wa kwao ni wadogo. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi na kwa namna zisizolingana, jambo ambalo mwanafasihi simulizi hulifahamu upesi. Kinasafiri kama ngano zinavyosafiri, na hatuna budi kukishuku kama ushahidi.

Kisa cha pili kilifika mbali zaidi. John Wilson, katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1961, alieleza filamu ya usafi iliyoonyeshwa kijijini. Baada ya onyesho watazamaji waliulizwa wameona nini, wakajibu kwamba wameona kuku. Waonyeshaji wenyewe hawakuwa na habari ya kuku. Walipoirudia filamu picha kwa picha wakamwona, amepita pembeni chini kwa muda wa kama sekunde moja. Wilson alitoa hitimisho kwamba watu wasiojua kusoma hawaioni picha nzima, bali huokota kitu kimoja kimoja. Marshall McLuhan alikichukua kisa hicho katika kitabu chake *The Gutenberg Galaxy* cha mwaka 1962, na tangu hapo kuku huyo amekuwa akizunguka katika madarasa ya vyuo vikuu duniani. Katika kitabu hichohicho McLuhan alimtegemea pia J. C. Carothers, daktari wa akili aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, yule yule aliyeiandikia serikali ya kikoloni ya Kenya kijitabu juu ya saikolojia ya Mau Mau mwaka 1954. Kwa hiyo nadharia ya macho ya mtazamaji na nadharia ya akili ya muasi zilikaa katika rafu moja.

Tungependa kukaa kidogo na kuku huyu, maana ameharibia watu wengi sifa zao. Filamu ilikuwa ya mafundisho, taratibu kwa makusudi, na kila mtu ndani yake alikuwa ameelekezwa afanye nini. Kuku peke yake ndiye hakuelekezwa. Mtazamaji anayemwona kiumbe pekee aliye huru katika picha iliyopangwa yote ana jicho zuri, wala hatuoni upungufu wake. Kuna na swali la pili. Masimulizi kama McLuhan alivyoyanukuu hayatuelezi kwamba onyesho lilifafanuliwa kwa lugha gani, na kama mfasiri alitamka neno lililobeba shabaha ya filamu au alilipita. Hatujui hata swali lenyewe liliulizwaje. Muulize mtu "Umeona nini?" naye aweza kuelewa "Kuna kitu gani hukutazamia?" Kuku ni jibu sahihi la swali hilo. Baada ya vita mwanaanthropolojia Peter Morton-Williams alitumwa kuchunguza watazamaji wa vijijini Nigeria, akaona kwamba yaliyomo katika filamu na uhusiano wake na maisha ya watu yalikuwa na uzito kuliko mbinu za kamera. Miaka mingi baadaye, mwaka 2000, mwanahistoria James Burns aliyachambua mafundisho haya ya kikoloni na kuonyesha jinsi yalivyosimama juu ya msingi dhaifu. Lakini kuku hakutoka darasani.

Na sasa mfasiri. Filamu nyingi za Colonial Film Unit hazikuwa na sauti. Zilikwenda na ufafanuzi ulioandikwa kwa Kiingereza, na kando ya gari mtu mmoja alishika kipaza sauti akaueleza umma kwa lugha ya mahali. Gari hilo, pamoja na yale ya idara ya habari yaliyozunguka Kenya wakati wa Hali ya Hatari, na baadaye yale ya makampuni yaliyotangaza sabuni na mafuta ya kupikia, ndilo lililowajulisha sinema watu wengi wa mashambani. Mfasiri aliweza kufupisha, kurefusha, kutia mzaha, kumtaja mzee aliyeketi mbele. Aliweza pia, tukisema kweli, kukataa kimoyomoyo maneno aliyopewa ayaseme. Kiingereza cha ufafanuzi kimehifadhiwa katika nyaraka. Kiswahili, Kikuyu au Kikamba kilichosemwa usiku ule, kwa kawaida, hakikuandikwa popote. Tumebaki na nusu ya mazungumzo, tena ile nusu isiyosikika na hadhira.

Mijini mambo yalikuwa mengine, nasi tutayapitia kwa haraka. Sheria ya koloni la Kenya ya mwaka 1912 iliwapa wakubwa uwezo wa kukagua maonyesho, na katika miongo iliyofuata Mwafrika aliweza kuzuiwa asiione picha aliyoruhusiwa Mzungu. Baada ya uhuru ubaguzi huo wa rangi uliondoka, lakini wazo la kwamba mtazamaji ni mtu wa kulindwa lilibaki katika Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ya mwaka 1962. Mwaka 2018 filamu ya *Rafiki* ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku nchini Kenya huku ikipokewa katika tamasha la Cannes. Mahakama Kuu ilipoifungulia kwa siku saba tu, watu walijaa kumbini Nairobi. Kisiwani Unguja na Bara, kama Laura Fair alivyoonyesha kwa mapana, picha za Kihindi kama *Awaara* ya mwaka 1951 zilipendwa na watu wasiojua Kihindi, wakazikariri nyimbo zake na kuzijadili barazani kwa Kiswahili. Hapo kila mtazamaji alikuwa mfasiri wa jirani yake.

Thika yenyewe ilipata sifa ng'ambo kwa picha za namna tofauti kabisa. Kitabu cha Elspeth Huxley juu ya utoto wake wa kilowezi, *The Flame Trees of Thika*, kilichotoka mwaka 1959, kilitengenezwa kuwa mchezo wa televisheni na Thames Television mwaka 1981. Miaka mitano baadaye *Out of Africa* ilinyakua tuzo saba za Oscar, ingawa tangu mwaka 1980 Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amemshambulia mwandishi wake, Karen Blixen, huko huko Copenhagen. Ubishi ulikuwa mkali na wa haki, na tunaegemea upande wa Ngũgĩ. Hata hivyo ulikuwa ubishi wa wasomi kwa wasomi, na kibarua wa Thika hakuulizwa ameionaje Thika ile.

Turudi bandani. Dar es Salaam kazi ya kutafsiri filamu ilipata bingwa wake, Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyesimulia picha za kigeni kwa Kiswahili, akirekodi sauti yake juu ya kanda. Birgit Englert na Nginjai Paul Moreto waliandika juu ya desturi hii mwaka 2010, na Matthias Krings akaiongezea uzito katika kitabu chake cha mwaka 2015. Kampala wapo wafasiri wa namna hiyo kwa Kiganda. Kenya yupo DJ Afro na waliomfuata. Inatupasa kuona haya kidogo kwamba majina ya kigeni yamekuwa mengi hivi katika orodha ya waliotafiti Kiswahili hiki.

Kwa upande wa lugha, mambo ya kuchunguza ni mengi. Mtambaji wa hadithi hutumia *-li-* kuifungua na *-ka-* kuisukuma mbele. Msimulizi wa filamu hawezi, kwa kuwa tukio liko mbele ya macho. Yeye hushika *-na-* na *-me-*: anaingia, anamtazama, amemkosa. Lakini picha inapomrudisha mhusika katika kumbukumbu zake, *-li-* na *-ka-* hurejea mara moja, na hadhira hujua kwa kiambishi tu kwamba sasa ni habari za kale. Hila ya kamera ambayo Sellers aliiogopa inatatuliwa kwa sarufi. Neno *stelingi* nalo, maarufu zaidi Tanzania, limetoka katika maandishi ya Kiingereza yanayotangulia jina la mwigizaji mkuu. Watazamaji walilisoma kama cheo cha mtu, wakalifanya nomino, kisha wakalitungia kanuni ya uhakiki: stelingi hafi. Picha inayomwua stelingi imevunja ahadi, na hadhira itaihukumu hivyo hata kama wahakiki wa ng'ambo wameisifu kwa ushujaa wa kumwua.

Bandani hadhira hujibu. Wengi wa wakazi wa Thika wametoka katika jamii ambayo mtambaji wa Kikuyu huanza kwa kuwaambia wasikilizaji waseme *itha*, nao huitika. Asiyeitikiwa hana hadithi. Msimulizi wa filamu aliyerekodiwa hawezi kusikia kiitikio, lakini huacha nafasi yake, akauliza swali na kunyamaza, na benchi zima likamjibu mtu asiyekuwapo. Katika fani hili ni jambo jipya, na kwa maoni yetu ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyoipata fasihi simulizi yetu mwishoni mwa karne iliyopita.

Wako wanaopinga, nao wasipuuzwe. Wanasema kwanza kwamba msimulizi hupotosha: huwapa wahusika majina ya mtaani, huyaruka mazungumzo asiyoyafahamu, hutia maneno yake. Ni kweli. Picha ya huzuni huweza kutoka mikononi mwake ikiwa kichekesho, na wahusika wa kike mara nyingi hupata hasara, kwa kuwa mzaha wa mabenchi yaliyojaa vijana wa kiume huwaangukia wao. Hoja ya pili ni kwamba hatumii Kiswahili sanifu, bali Sheng. Hoja hii inatushughulisha kidogo tu. Walimu wetu walizikusanya nyimbo za lahaja bila kuzisahihisha, na hatuoni sababu ya kuwa wakali zaidi kwa Makongeni kuliko kwa Pate. Ya tatu ni haki za mwenye filamu, ambazo bandani hazikulipwa. Hili tunalikubali bila kujitetea. Msimulizi alijenga sanaa yake juu ya mali ya mtu mwingine, na huenda ndiyo sababu mojawapo ya kazi hizi kutowekwa katika maktaba yoyote rasmi.

Na hapo ndipo penye hatari. Mabanda yamepungua sana tangu simu na televisheni za bei nafuu zilipoenea. Kanda zimeoza, sahani za DVD zimekwaruzika, na wasimulizi wadogo wa mitaani, ambao hawakufikia umaarufu wa DJ Afro wala Lufufu, hawana hata majina katika kumbukumbu. Wafasiri wa magari ya kikoloni tuliwapoteza kwa sababu serikali iliyowaajiri haikuyahesabu maneno yao kuwa sehemu ya filamu. Hawa tutawapoteza mbele ya macho yetu, katika mji wenye wanafunzi na walimu wa vyuo, kilomita 40 hivi kutoka Nairobi, kwa sababu sisi nasi hatukuyahesabu kuwa sehemu ya fasihi. Mwanafunzi mwenye kinasa sauti angeweza kuanza kesho.

Mwaka 2012 ilitoka *Nairobi Half Life*, filamu ya Kenya iliyoongozwa na Tosh Gitonga, na mwigizaji wake mkuu, Joseph Wairimu, alituzwa katika tamasha la Durban. Kisa chake, cha kijana anayetoka kijijini kwenda mjini na kukuta shari, ni cha kale. Hata mradi wa Vugiri ulikuwa na filamu ya namna hiyo, *Gumu*. Wahakiki wengi waliizungumza kama picha ya uhalifu wa mjini. Lakini inapoanza, kabla ya mji na kabla ya bunduki, tunamwona Mwas akiwa kijijini anauza filamu, na ili aziuze inambidi aziigize: anaruka, anapigana na hewa, anatoa sauti za wahusika wote, huku watu wakimzunguka na kucheka. Mtazamaji aliyekulia katika mabanda ya vidio hakuhitaji kuelezwa kijana yule anafanya kazi gani.